Maswali ya Wasomaji: Yule Mjapani wa "Marilyn" ndo huyohuyo wa Ave Maria?

Toleo lililopita niliweka kipande kifupi kuhusu Minako Honda wa Japani, yule aliyeanza na pop ya wasichana wadogo, akapita kwenye roki, akaingia kwenye michezo ya kuimba jukwaani, akamalizia na nyimbo za klasiki. Meseji zimemiminika, nyingi za hapahapa Dodoma na mikoa ya jirani, na kuna maswali ya maana kweli, kwa hiyo ukurasa wote wa leo ni wake. Nimefupisha tu mlivoandika.

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 19, nakaa Chang'ombe hapa Dodoma, naimba kwaya ya vijana kanisani, sauti ya kwanza, afu katikati ya wiki huwa naenda studio ya washkaji Nkuhungu tunarekodi kava za bongo fleva. Mwalimu wa kwaya kajua, kaniambia nichague moja, eti naharibu sauti na jina. Sasa baada ya kusoma kile kipande chako nikaingia YouTube nikakuta video mbili, moja dada anacheza kitovu nje anatingisha kiuno, nyingine kavaa gauni refu anaimba Ave Maria. Ni mtu mmoja kweli? Na yeye hakuna aliyemwambia achague?
Mwanakwaya, Chang'ombe

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni mtu mmoja. Alizaliwa Tokyo tarehe 31 Julai 1967, akakulia Asaka, mji wa mkoa wa Saitama ambao uko pua na mdomo na Tokyo, na singo yake ya kwanza ilitoka Aprili 1985 akiwa na miaka 17, yaani mdogo kuliko wewe. Enzi hizo Japani biashara kubwa ilikuwa hawa wasichana wanaoitwa aidoru, lebo inakuchagulia wimbo, nguo, nywele, mpaka namna ya kutabasamu kwenye televisheni, na singo mpya inatakiwa kila baada ya miezi michache, ukizubaa kidogo tu kuna mwingine yuko mlangoni anasubiri nafasi yako. Hiyo video ya kitovu nje ni wimbo wa Februari 1986 unaitwa 1986-nen no Marilyn, maneno kaandika Yasushi Akimoto, huyuhuyu ambaye 2005 alikuja kuanzisha kundi la wasichana la AKB48, na muziki ni wa Kyohei Tsutsumi, mmoja wa watunzi wakubwa kabisa wa pop ya kule. Ave Maria ni albamu ya 2003. Katikati hapo kuna miaka 17 na stori yenyewe iko humo.

Sasa kuhusu kuchagua nikwambie ukweli hata kama sio ulichotaka kusikia. Minako hakuchanganya kama unavofanya wewe, Jumatano fleva Jumapili kwaya. Yeye alikuwa anahama na godoro. Alipotaka roki, mwaka 1988 akaunda bendi ya wasichana peke yao, Minako with Wild Cats, akaachana na mambo ya kiaidoru, na bendi haikuuza, 1989 ikavunjika. Hapo wengi wangerudi kule kwenye nguo fupi na televisheni maana ndo kulikokuwa na hela. Yeye akaenda kwenye usaili wa Miss Saigon, ule mchezo mkubwa wa kuimba uliotoka London, akapanga foleni na maelfu ya watu wasiojulikana wakati yeye nchi nzima inamjua kwa jina na sura, akapimwa upya kama hajawahi kushika maiki. Akapata nafasi ya Kim, binti ambaye ndo mhusika mkuu, akawa anapokezana na waigizaji wenzake. Mchezo ulifunguliwa 1992 Teikoku Gekijo, ukumbi mkubwa wa Tokyo, ukaenda karibu mwaka mmoja na nusu mfululizo.

Na humo ndani kuna tukio ambalo mashabiki wake wanalisimulia mpaka leo. Siku moja akiwa stejini mtambo wa kusogeza jukwaa ulimponda mguu, vidole vikavunjika, na yeye akaendelea kuimba mpaka sehemu ya kwanza ya mchezo ikaisha, ndo akapelekwa hospitali akashonwa. Baadaye akapona akarudi kwenye nafasi yake. Watu wanaisifia sana hiyo siku. Mi inaniuma kila nikiisoma na naona mtu alitakiwa ashushe pazia, binti hawezi kuimba vidole vimevunjika afu watu wazima wako pembeni wanaangalia. Ila inakuonyesha jinsi alivokuwa ameingia kwenye ile kazi mzimamzima.

Kwa hiyo mwalimu wako ana nusu ya haki. Fleva yenyewe haiui sauti, kinachoua ni kupiga kelele juu ya biti mpaka saa saba usiku afu Jumamosi mazoezi ya kwaya, Jumapili ibada mbili, koo halijapumzika hata kidogo. Gawa mwaka badala ya kugawa wiki. Kipindi cha kuelekea Krismasi na kile cha Pasaka wape kwaya nguvu zako zote, studio iwe mwiko kabisa, afu ikiingia miezi ambayo kwaya imetulia nenda Nkuhungu ukarekodi umepumzika na umejiandaa. Hilo la jina ni la kanisa lenu na nyumbani kwenu, siwezi kuliamua nikiwa huku. Nenda kakae na mwalimu kwa heshima umuulize anaogopa nini hasa, inawezekana anaogopa kupoteza soprano maana wanaofika kule juu bila kubana koo ni wachache kwenye kila kwaya.

SWALI: Dada habari za kazi. Mi fundi simu hapa sokoni Majengo. Kuna jamaa tunabishana naye toka juzi, anadai huyo Mjapani alitengenezewa wimbo na mpiga gitaa wa Queen, ile bendi ya Freddie Mercury wetu wa Zanzibar. Mi nimekataa. Tumewekeana soda.
Fundi, Majengo

JIBU: Salama kaka, kanunue soda. Ni kweli kabisa, mwaka 1987 Brian May wa Queen ndo alikuwa prodyuza wa singo yake yenye nyimbo mbili, Crazy Nights na Golden Days, na ikatoka mpaka Uingereza kwa Kiingereza. Na kabla ya hapo, 1986, aliimba wimbo aliotungiwa na Gary Moore, yule fundi wa gitaa wa Belfast, unaitwa The Cross. Sasa fikiria msichana wa miaka 19, watu wamezoea kumwona anakata kiuno kwenye televisheni, ghafla anasimama na gitaa la Gary Moore nyuma yake linalia.

Na Freddie ni wetu ndiyo, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Queen kule Japani walipendwa mapema sana, walipotua mara ya kwanza 1975 ilikuwa vurugu tupu uwanja wa ndege, kwa hiyo Brian May kufanya kazi na Mjapani halikuwa jambo la ajabu. Kinachonifurahisha mimi zaidi ni mwaka wenyewe. Huohuo 1987 ambao May alikuwa na Minako, Freddie naye alikuwa na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania, wakatoa wimbo wa Barcelona. Yaani wanabendi wawili wa bendi moja, kila mtu kaenda kuvuka mipaka ya muziki kwa njia yake.

Ila tusidanganyane, wengi mtandaoni wanaandika kama vile hiyo singo ya May ndo kilele cha maisha yake kwa sababu tu kuna jina kubwa la mzungu. Mi sikubaliani. Golden Days ni wimbo mzuri, una melodi tamu, lakini ukiusikiliza vizuri utasikia binti bado anajitafuta, gitaa lina uhakika kuliko sauti. Mtu asingeendelea baada ya pale leo tungemkumbuka kama yule aidoru aliyewahi kukutana na Brian May, basi.

SWALI: Mambo dada. Niko UDOM mwaka wa pili, huwa naimba kwenye shughuli za chuo, na harusi nikiitwa. Shida yangu nikipanda juu sauti inapasuka. Huyu Minako alitokaje kwenye sauti ile ya pop mpaka hii ya Ave Maria? Au alizaliwa nayo tu?
Mwanafunzi, UDOM

JIBU: Poa mdogo wangu. Hakuzaliwa nayo, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye maisha yake kwa sababu unaweza kuisikia kwa masikio yako, huhitaji mtu akusimulie. Chukua wimbo wowote wa 1986, sauti inatoka kifuani, imekaza, anaisukuma kwa nguvu na maiki inamsaidia. Kwa wimbo wa dakika nne inatosha. Sasa nenda kwenye mchezo kama Miss Saigon, unaimba kwa masaa, wiki nzima, miezi na miezi, ukiimba kwa kusukuma vile koo linakufa ndani ya wiki. Ilibidi ajenge upya, ajue kupumua kwa chini kabisa, ajue kuhama kutoka sauti ya kifuani kwenda ya kichwani bila ule mpasuko unaoulalamikia wewe.

Ushahidi uko kwenye albamu yake ya 1994 inaitwa Junction, humo kuna wimbo unaitwa Tsubasa, maneno yake kaandika mama mmoja mkubwa sana kule, Tokiko Iwatani, ambaye ndo aliandika pia maneno ya Kijapani ya Miss Saigon. Kwenye huo wimbo kuna mahali Minako anashika noti moja karibu nusu dakika. Vaa spika za masikioni, kaa sehemu tulivu, ukifika pale na wewe vuta pumzi ujaribu kushika naye. Utaishiwa, mi pia naishiwa, na ukiishiwa rudisha nyuma usikilize yeye anafanyaje, hatumii nguvu kabisa, anaiachia hewa kidogokidogo. Miaka minane tu kabla ya pale ni binti wa Marilyn.

Alafu kutoka pale akaenda mbele tena kwenye michezo mingine ya kuimba, Fiddler on the Roof, The King and I, 1997 akacheza nafasi ya Éponine kwenye Les Misérables, na 2003 ndo ikaja albamu ya Ave Maria, nyimbo za klasiki zimepangwa upya na Akira Inoue, nyingi zikiwa na maneno ya Kijapani ya huyohuyo mama Iwatani. Kwa hiyo ile sauti ya gauni refu ina zaidi ya miaka kumi ya kazi ya jukwaani chini yake.

Wewe acha kwanza kupanda juu kwa kupiga kelele. Kila asubuhi tetemesha midomo huku unatoa sauti kutoka chini kwenda juu taratibu, ukifika pale inapopasuka punguza nguvu badala ya kuongeza, pita hapo kwa sauti ndogo siku nyingi mpaka papoe. Na unaishi Dodoma, kiangazi hiki upepo na vumbi la kule mlimani mnalijua wenyewe, koo linakauka kabla hata hujaanza kuimba, kunywa maji mchana kutwa sio nusu saa kabla ya shoo, jifukize mvuke wa maji ya moto usiku. Na ukiona sauti imekwama wiki mbili haijarudi nenda kwa daktari wa koo, tangawizi haitibu kila kitu.

SWALI: Binti yangu, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mpwapwa. Nimesoma habari ya huyo Mjapani nikaifurahia, lakini nauliza, mbona ukurasa mzima wa mgeni wakati tuna Hukwe Zawose, mtoto wa Ugogo hapahapa? Huyo hakuvuka mipaka?
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Sijambo mwalimu, shikamoo. Alivuka, tena mbali, na umefanya vizuri kunikumbusha. Mzee Zawose alitoka Ugogo na zeze na ilimba yake, kile chombo cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na dunia ikamfuata. Wajapani wenyewe walimsikia mapema, kampuni ya JVC ya kule ilitoa albamu yake. Lebo ya Peter Gabriel ya Real World ikatoa Chibite mwaka 1996, na 2002 ikatoka Assembly ambayo mzee alifanya na Michael Brook wa Kanada, magitaa na vyombo vya umeme viko kila mahali lakini ilimba iko palepale katikati. Akafariki Desemba 2003, mwaka uleule Minako katoa Ave Maria.

Ila nikiwaweka pamoja naona wamevuka kwa njia tofauti kabisa. Mzee Zawose hakubadilisha sauti yake hata kidogo, ile ya chini ya kunguruma na ile ya juu kabisa ambayo mgeni akiisikia anadhani kaingia mwanamke, zote ni za Kigogo mwanzo mwisho, waliokuja kurekodi naye ndo walijipanga kumzunguka. Minako yeye alijibadilisha mwenyewe kila alipofika, mpaka koo lake likawa jingine. Mi siwezi kusema njia ipi ni bora mwalimu. Ninachoweza kusema ni kwamba mzee alikuwa na kitu cha kusimamia toka utotoni, kwao, kwenye ngoma za kwao, na Minako aliingia mjini kwenye biashara ambayo haikumpa chake, ilibidi akitafute. Ukienda Chamwino kwenye lile tamasha la muziki wa Wagogo ukawaona wale akina mama na ngoma zao za muheme mapajani, wanapiga na kuimba kwa pamoja na kila mmoja anajua sauti yake ilipo bila kuambiwa, unaelewa mzee alitokea wapi. Ukurasa wake tutauandika na utakaa peke yake.

SWALI: Dada pole na majukumu. Mi ni muuguzi huku Manyoni. Umeandika tu kwamba alifariki mdogo, hukusema kilichomuua.
Muuguzi, Manyoni

JIBU: Asante, poleni na nyie na zamu. Ilikuwa saratani ya damu, ile ya ghafla inayoanzia kwenye uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa. Aligundulika Januari 2005, wakati yuko kwenye maandalizi ya kurudi Les Misérables, safari hii kama Fantine, ikabidi ajitoe. Akapandikizwa chembe zinazotokana na damu ya kitovu cha mtoto mchanga, akapata nafuu akaruhusiwa kwenda nyumbani kwa muda, ugonjwa ukarudi, akafariki tarehe 6 Novemba 2005. Alikuwa na miaka 38.

Kuna kitu cha hospitalini ambacho nyie wauguzi mtakielewa kuliko sisi. Yule mama Iwatani, mwandishi wa maneno, miaka 89 wakati huo, naye alivunjika mguu akalazwa hospitali hiyohiyo. Wawili hawa wako jengo moja na hawawezi kuonana, mmoja hatembei na mwingine kinga ya mwili imeshuka hatakiwi kukaribiana na watu. Wakawa wanatumiana kinasa sauti kidogo, kinaenda na kurudi kati ya vyumba. Mama anaongea, anampa moyo. Minako anajibu, anaeleza siku imeendaje, alafu anamwimbia. Bila kinanda bila kitu chochote, kutoka kitandani, sauti imechoka lakini iko kwenye mstari. Zile rekodi zipo, baadaye zilisikilizishwa watu Japani, na picha yake ilitumika kwenye kampeni za kuhamasisha watu kujiandikisha kuchangia uloto. Mama Iwatani akapona, akaishi mpaka 2013.

Nilifikiria sana hilo maana na sisi hapa Dodoma hospitali ya Benjamin Mkapa imeshaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu (sikoseli), na anayetoa mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Watu bado wanaogopa, wanadhani unatolewa uti wa mgongo ulemae. Nyie mlioko wodini mkipata nafasi waelezeni, mtu akisikia kwa muuguzi anayemfahamu anaelewa haraka kuliko akisikia redioni.

SWALI: Dada bando langu la wiki ni dogo. Nitajie tatu tu za kusikiliza.
Msomaji, Singida

JIBU: 1986-nen no Marilyn kwanza, na uiangalie video yake sio sauti peke yake. Afu Tsubasa, tafuta ile ya jukwaani kama ipo maana pale hakuna studio ya kumficha. Ya tatu ni Amazing Grace, ipo kwenye albamu ya Ave Maria na ndo iliyotumika kwenye tangazo la uloto baada ya kufariki kwake. Zishushe ukiwa sehemu yenye waifai, afu zisikilize kwa mpangilio huohuo, usianze na ya mwisho.